Bachwezi balikuwaka kweli ao ni hadithi tu? Mwenye anajua atusaidie

Mutoto_wa_Birere (Goma)

Jambo yenu bakubwa. Kuko odio moja inazunguka mu ma grupe ya WhatsApp hapa Goma, ndefu sana, muzee mumoja anaelezea Bachwezi, eti balikuwa bafalme ba ufalme mukubwa wa Kitara, ulianzia huko Uganda ukafunika Kivu yote mpaka Ituri, eti balikuwa barefu, ngozi inang'aa mpaka huwezi kubaangalia mu macho, njo benye balileta ng'ombe, chuma na kahawa, kisha siku moja bakapotea, bengine banasema baliingia mu ziwa, bengine eti mu shimo ya volkano. Hapa kwa ligablo (kioski) ya kwetu watu baligawanyika. Muzee mumoja mwenye alifundishaka sekondere anasema Bachwezi ni ma jini tu, hakuna mufalme pale. Mwingine anamujibu: sasa kama ni hadithi tupu, ile mitaro yenye iko Uganda batu banaendaka kupiga foto, aliichimba nani, ma jini?

Miye sitaki makelele. Nataka tu mwenye alishasoma anielezee: wapi hadithi inaishia na wapi ushahidi unaanzia? Tafazali musilete politike ya leo hapa, munajua vile mambo iko.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Ndugu yangu, odio hiyo nimeisikiliza yote, na mzee anaongea vizuri, shida ni kwamba amechanganya mambo matatu mu sufuria moja. Ngoja nianze na hadithi yenyewe juu watu wengi wanabishana bila kuijua.

Kwa Banyoro, watu wa ufalme wa Bunyoro huko Uganda magharibi, kuna koo tatu za kifalme, moja nyuma ya nyingine: Batembuzi, kisha Bachwezi, kisha Babito wenye wako mpaka leo. Mfalme wa mwisho wa Batembuzi, Isaza, alivutwa chini ya ardhi na mfalme wa kuzimu Nyamiyonga, mtego ulikuwa binti ya Nyamiyonga mwenyewe, na huko chini akazaliwa Isimbwa. Kiti cha juu kikabaki kwa Bukuku, mlinzi wa mlango. Bukuku aliambiwa na waganga kwamba mtoto wa binti yake Nyinamwiru atamuua, akamfungia. Isimbwa akapita pale anawinda, binti akapata mimba, mtoto akatupwa mtoni, mfinyanzi akamuokota akamlea. Huyo ni Ndahura. Akakua, akamuua babu yake, akawa Mchwezi wa kwanza. Baada yake Mulindwa, kisha Wamara, basi imeisha. Utawala wa watu watatu tu! Wakati wa Wamara ng'ombe wake mpendwa Bihogo akafa, mambo yakaharibika, wakachinja ng'ombe wa kupigia ramli wakakuta tumboni hamna kitu, mganga kutoka kaskazini akasema mwisho wenu umefika, watu weusi wanakuja kutoka upande ule. Wakafunga mizigo wakaenda. Wapi, kila kijiji kina jibu lake.

Sasa udongo. Kusini-magharibi mwa Uganda, pembeni ya mto Katonga, kuko pahali panaitwa Bigo bya Mugenyi. Ile mitaro ya yule jirani yako ni ya kweli kabisa, ukiiunganisha yote inapita kilometa 10, mahali pengine imekatwa ndani ya jiwe, kina kama mita 4. Mwanaakiolojia Shinnie alichimba pale 1957, mwenzake Posnansky akarudi 1960, na makaa waliyoyapima kwa karboni 14 (njia ya kujua umri wa vitu vya kale) yalitoa zama za karne ya 14 mpaka 16 hivi. Posnansky mwenyewe wakati ule aliona Bigo kama mji mkuu wa Bachwezi. Kaskazini zaidi kuko Munsa, mitaro pia, Robertshaw alichimba huko miaka ya 1990, akakuta makaburi na tanuru la kuyeyushia chuma.

Lakini pahali penye miye ninapendaka zaidi ni Ntusi, haiko mbali na Bigo. Pale hamna mitaro mikubwa ya kupigia foto. Kuna vilima viwili, watu wa pale wanasema kimoja dume kingine jike, ukivipita haraka utasema ni vilima tu vya Mungu. Si vya Mungu, ni takataka! Samadi, majivu, vyungu vilivyovunjika na mifupa, watu walitupa hapo miaka na miaka, kuanzia karne ya 11 mpaka ya 15 hivi. Mifupa yenyewe karibu yote ya ng'ombe, na wengi walichinjwa wakiwa wadogo. Sasa wewe mfugaji fikiri: nani anachinja ndama hovyo? Mwenye mifugo mingi sana, ao mwenye kuletewa na wengine. Na katikati ya mifupa ile ile kuko mawe ya kusagia. Kwa hiyo walilima pia, nafaka ilikuwa inaliwa. Shanga za kioo zimeonekana chache, maana bidhaa za pwani ya Bahari ya Hindi zilikuwa zinafika kidogo kidogo mpaka pale.

Sasa jibu la swali lako. Watu wakubwa, wenye ng'ombe wengi, wenye uwezo wa kuambia mamia ya watu "chimbeni hapa" wakachimba, hao walikuwepo, hamna mtu anabisha. Lakini mu udongo wote ule hamna hata kipande kimoja kinachosema Ndahura, ao Wamara. Hamna maandishi, hamna kaburi lenye jina. Majina yanatoka mu kinywa, na yaliandikwa mara ya kwanza karne ya 19 na ya 20. Kutoka mtaro kuchimbwa mpaka jina kuandikwa, ni miaka 400. Pale ndipo hadithi inaanzia.

Shofa_Ya_Mbali (Goma)

Miye si musomi lakini ile barabara naijua, wakati ya Bunagana ilikuwa inapita sawa nilikuwa naendaka Kampala kila mara, ukitoka Kabale unafika Mbarara, kisha ukishika ya Masaka, mbele kidogo tu kuko Biharwe, pale pembeni ya barabara balijenga mnara wa kukumbuka siku jua ilizimika muchana, 1520 imeandikwa, na pale banakuambia jeshi ya mufalme wa Bunyoro ilikuwa inarudi na ng'ombe ya kunyanganya, jua ikazimika, bakaogopa bakakimbia bakaacha ng'ombe zote, na Banyankore bakasema asante. Sasa mwalimu hiyo si preve (ushahidi)? Jua haiwezi kudanganya.

Tena mara ingine nilipita Kasindi, Kasese mpaka Fort Portal, balitupeleka mu pango yenye banaita Amabere ga Nyinamwiru, huyo huyo binti mwenye umetaja. Kijana wa kutembeza watu anakuambia baba yake alimukata maziwa (matiti) ili asipate bwana, na maziwa njo ile mawe inaninginia juu, inatona maji meupe. Nikaonja ile maji. Ni chokaa. Lakini ba mama benye tulikuwa nabo mu gari balijipaka mu uso, sikusema kitu.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Shofa hahaha, chokaa ndiyo. Maji ya mvua yanapita mu mwamba, yanabeba chokaa, yanatona, jiwe linakua pole pole sana. Pango lilikuwepo kabla ya mfalme yeyote, watu wakaliona, wakatafuta hadithi ya kuliweka ndani. Hilo ndilo jambo la kuangalia kila mara: je, hadithi imezaa mahali ao mahali pamezaa hadithi?

Biharwe ni kitu kingine, pale kuko kitu cha kushika. Kupatwa kwa jua kunahesabika, wanajimu wanaweza kurudi nyuma mpaka siku yenyewe, na watu wengi wanachukua tarehe 17 Aprili 1520. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, hiyo haikuwa mara moja tu jua kupatwa sehemu zile, kuko wasomi walisema ni ile ya 1492, ukibadilisha umebadilisha hesabu yote. Hata jina la mfalme mwenye alikimbia hawapatani, kwa Banyoro ni Olimi, kwa Banyankore wanasema Chwa. Pili, na hii ndiyo kubwa, hiyo vita haiwahusu Bachwezi! Ni vita ya Babito na Nkore, ufalme wa Banyankore, Bachwezi walikuwa wameshaenda. Kwa hiyo mtu anachukua 1520, anarudi nyuma kwa kuhesabu vizazi, huyu anasema kizazi ni miaka 25, yule 27, yule 30, anafika kwa Wamara anaandika "karne ya 15". Jua halidanganyi, sawa, lakini kutoka 1520 kurudi nyuma si jua tena, ni wewe na kalamu yako.

Mutoto_wa_Birere (Goma)

Aksanti mwalimu, hii ya takataka ya Ntusi imenishika, sikuwaza kama mutu anaweza kujua utajiri wa watu ju ya mifupa ya ndama. Sasa swali ingine: kama majina si ya kweli, ju ya nini makabila mingi inabataja? Bunyoro, Nkore, Buhaya ya Tanzania, Rwanda, mpaka huku kwetu. Batu bote habawezi kupatana kudanganya.

Furaha_wa_Kadutu (Bukavu)

Niingie hapo kidogo kwa ruhusa ya bakubwa. Huku Bushi jina la Lyangombe kila mutu mwenye alikuwa na koko wa kijijini analijua. Koko yangu mama ya mama alikuwa Mukristo wa kila siku misa, lakini ukitaja Lyangombe sauti inashuka. Kwa Rwanda ni yeye pia mkubwa wa ma Imandwa (mapepo ya ibada), alikuwa muwindaji, nyati ikamuua, na wenye walipokea ibada yake wakifa wanaenda kukaa naye juu ya mlima Karisimbi penye baridi na starehe, na wenye hawakupokea wanatupwa mu volkano ya Nyiragongo mu moto. Banagoma munaishi chini ya jehanamu ya watu hahaha, pole zenu.

Sasa niangalie hii: kule Bunyoro Ndahura ni mufalme, lakini Ndahura huyo huyo ni pepo ya ndui, pale Mubende kulikuwa mama mmoja mwenye cheo cha Nakayima, kazi yake kumuhudumia Ndahura, watu wanaleta zawadi ili ugonjwa usiingie kwao. Wamara kwa Buhaya ni mukubwa wa wafu. Mugasha ni wa ziwa na upepo. Ndui, wafu, ziwa. Hiyo ni serikali ya wafalme ao ni mapepo yenye kila moja iko na wizara yake? Hata mwaka 1976 hapa Bukavu CERUKI, kituo cha utafiti cha chuo cha ISP, walifanya kolokyo (mukutano ya wasomi) nzima ju ya Lyangombe, na walichimba upande wa ibada na hadithi.

Kwa hiyo yule muzee wa ligablo mwenye alisema ni majini, musimucheke haraka. Kuko msomi Wrigley aliandika hivyo hivyo 1958, kwamba Bachwezi ni miungu. Miye naona kutafuta mwaka walitawala ni kama kutafuta mwaka mungu Zeus alitawala Ugiriki. Na ndio maana wanajulikana makabila mingi: ibada inatembea na waganga, na wagonjwa, na mabibi-arusi, haiombi ruhusa kwa mpaka wa ufalme. Haihitaji jeshi ya kuiteka Kivu ili jina lifike Kivu.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Dada Furaha umesema kitu ambacho mimi ningekizunguka mistari ishirini. Niongeze tu upande wa kisiasa wa zamani, si wa leo. Babito walikuja kutoka kaskazini, watu wa Kiluo, wageni. Mgeni akikalia kiti anaulizwa wewe ni nani. Jibu lao: babu yetu Rukidi ni mtoto wa Kyomya, na Kyomya ni mtoto wa Isimbwa, baba wa Ndahura. Yaani tumerudi nyumbani tu. Nkore na Karagwe ukoo wa Bahinda wakasema: Ruhinda wetu ni mtoto wa Wamara kwa mjakazi. Na ile ngoma kubwa ya Nkore, Bagyendanwa, eti iliachwa na Wamara. Kila nyumba mpya imepigilia msumari wake kwenye ukuta wa Bachwezi. Hapo Bachwezi wanafanya kazi nzuri sana: wamekufa ao wamepotea, hawawezi kukataa mjukuu.

Na orodha zenyewe zinakua. Wageni walioandika majina ya wafalme wa Bunyoro mwisho wa karne ya 19 walipata orodha fupi. Kisha 1901 Apolo Kaggwa akatoa kitabu cha wafalme wa Buganda, orodha ndefu, zaidi ya majina thelathini. Na Bunyoro wakati huo wako chini: vita na Waingereza na Baganda, mfalme wao Kabalega alikamatwa 1899 akapelekwa Seychelles, ardhi yao kubwa ikapewa Buganda, pamoja na Mubende yenyewe! Sasa ukiwa umenyang'anywa hivyo utafanya nini? Miaka ya 1935 mpaka 1937 zikatoka makala mu jarida la Kampala, zimesainiwa K.W. tu, na huyo K.W. ni omukama (mfalme) mwenyewe, Tito Winyi, mtoto wa Kabalega. Orodha ikawa ndefu kuliko ya Buganda. Nyakatura akaifuata na kuipanua kwenye kitabu chake cha 1947. Simwiti mtu mwongo, ningekuwa mimi ningefanya vile vile, alikuwa anadai ardhi ya baba yake. Lakini ukisoma orodha ile uisome kama barua ya madai pia.

Mwana_wa_Kenya (Lubumbashi)

Banduku ba Kivu mulamuke. Shiye batu ba L'shi byetu bile bile. Nkambo wangu Muluba alikuwa anatuelezea Nkongolo Mwamba, mufalme mwekundu, mubaya, mulevi, kisha kukafika muwindaji moya kutoka mangaribi ya yua, apana, mashariki, Mbidi Kiluwe, mutu wa adabu, hawezi kukula mbele ya batu, akalala na dada ya Nkongolo, akazaliwa Kalala Ilunga. Nkongolo anaogopa mutoto, anachimba shimo anaweka mikuki mu ndani anafunika na mukeka, anamuita akuye kucheza. Mutoto anaponyoka, anarudia na jeshi ya baba, Nkongolo kichwa inakatwa.

Sasa muweke pembeni ya ile ya mwalimu. Muwindaji mugeni, binti ao dada ya mwenye kiti, mutoto mwenye mufalme anaogopa, mufalme anakufa mu mukono ya mutoto. Ni Ndahura kabisa! Bunyoro na kwetu Buluba ni mbali sana, habakukopeshana. Miye naona ile ni muundo, si istoria ya mutu, njo namna batu ba ufalme banaelezea "ufalme ulianza wapi".

Lakini kwetu kuko kitu kizuri kuliko mitaro yenu, musikasirike. Ku ziwa Kisale, pale Sanga, Nenquin na Hiernaux balichimba 1957 na 1958, kisha de Maret akarudi miaka ya 70. Makaburi, si takataka. Mutu na vyungu byake, na shaba yake, na chuma. Na unakuta makaburi ingine ya kale iko na shoka ya mpini yenye misumari ya chuma, ile shoka ya heshima yenye ba mulopwe (bafalme) na ba chefu ba Kiluba balikuwa banashika mpaka wakati ya wazungu. Hata kaburi ya mutoto mudogo unakuta imejaa mali. Mutoto wa miaka mitatu hajafanya kazi, hajapigana, mali ile alirizi. Ile njo preve ya ukoo mukubwa, kuliko majina makumi ya wafalme. Kisha karne ya 14 kuingia, misalaba midogo ya shaba inajaa mu makaburi, inakuwa midogo midogo na ya kipimo kimoja, maana ilikuwa franga. Muze (makumbusho) yetu hapa iko nayo.

Sasa nani mu ile makaburi ni Kalala Ilunga? Hakuna mwenye anajua na hatujafa juu ya ile. Ni shoka njo inaunganisha ya zamani na ya leo, haina lazima ya jina.

Mzalendo_Halisi (Goma)

Nyinyi wasomi munashangaza. Wazungu walisema Afrika haina istoria, na leo mwafrika anakaa ku telefone anasema wafalme wetu ni majini na mifupa ya ndama. Kama ni mufalme wa Uingereza munakubali, Mchwezi munakataa. Mababu hawakuwa na karatasi lakini walikuwa na akili, kila kitu walituachia mu kinywa, miye naamini odio.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Ndugu Mzalendo, sikatai hasira yako, naomba tu uangalie nani alipanua hadithi. Speke, mvumbuzi Mwingereza, alipita Bunyoro 1862, mwaka uliofuata akatoa kitabu, ndani yake anasema watu wenye ng'ombe wa sehemu hizi ni wavamizi kutoka Abisinia, damu bora, ndio wameleta ufalme kwa weusi wa pale. Wamisionari na maofisa wakaendelea na wimbo huo, Bachwezi wakageuka weupe, wakatoka Misri, wengine mpaka Ureno! Sasa sikiliza tena odio yako: "warefu, ngozi inang'aa, walikuja na kila kitu". Hiyo si sauti ya babu yako peke yake, ndani yake kuko mzungu wa 1863 amejificha. Na huku kwetu tunajua wazo la "wavamizi wa kuzaliwa kutawala" na ndugu yake "wageni warudi kwao" limeua watu wangapi. Ndio maana sitaki kulipitisha kimya kimya eti ni utamaduni.

Udongo unasema nini juu ya uvamizi? Ntusi ng'ombe na mawe ya kusagia viko pamoja, kizazi hadi kizazi. Vyungu vyake, vile vya kupambwa kwa kuviringisha kamba, ni vile vile vinavyopatikana sehemu nyingi za maziwa makuu, si vya kikosi kilichoshuka kutoka Abisinia. Ufalme ulikua pale pale, na watu wa pale pale, kwa ng'ombe, nafaka, chuma na chumvi. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa kuliko kushushiwa wafalme wa kung'aa kutoka mbali.

Na kinywa sikitupi. Huko Buhaya, Katuruka, wazee walimwonyesha mwanaakiolojia Schmidt mahali penye mti, wakasema hapa mfalme Rugomora Mahe alijengaga mnara wa chuma ufike mbinguni. Akachimba. Akakuta kweli shimo la wahunzi na chuma! Lakini vipimo vikatoa zaidi ya miaka 2,000, na Rugomora ni wa karne ya 17 hivi. Wazee walikuwa sahihi kabisa juu ya mahali na juu ya kazi, jina la mfalme ndilo lilikuja baadaye likakalia mahali pa wengine. Nadhani Bigo na Bachwezi ni kitu kama hicho.

Mzalendo_Halisi (Goma)

Ya Speke sikuwa naijua. Lakini Kitara ilikuwepo, hiyo hamuniondolei.

Furaha_wa_Kadutu (Bukavu)

Ilikuwepo kama nini ndiyo swali. Mitaro ya Bigo na ya Munsa haionyeshi kama mtu mmoja aliamuru zote, zinaweza kuwa za wakubwa wawili wenye hawapendani. Ufalme moja kutoka Katonga mpaka Ituri mpaka Kivu, hapo mtu atuletee kitu. Huku Bushi na Goma sijasikia mtaro wa namna hiyo hata moja.

Na miye simukubali mwalimu mia kwa mia, anapenda sana udongo. Akisema "jina lilikalia mahali pa wengine" ni kama jina ni mwizi. Kwa wenye walikuwa wanaleta mbuzi pale Mubende, Ndahura alikuwa kweli kuliko mfalme yeyote mwenye kodi, na hiyo pia ni istoria, ya karne ya 19 si ya 14, lakini ni istoria. Ukitaka kujua Bunyoro ya wakati wa ndui soma Ndahura. Ukitaka kujua nani alichimba mtaro, muache Ndahura apumzike.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Hapo sina jibu dada, napokea.

Mutoto_wa_Birere (Goma)

Bon, nimeandika fupi ya kutuma mu grupe, muniambie kama iko sawa: mitaro na ng'ombe ni ya kweli, karne ya 11 mpaka 16, huko Uganda kusini-magharibi. Majina matatu ni ya kinywa, batu balibaabudu na ma ukoo ya nyuma balibatumia kujipa ukubwa. Kivu kutawaliwa na Bachwezi, preve hamuna, ibada njo ilifika. Ngozi ya kung'aa ni Speke.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Ngozi ya kung'aa si Speke peke yake, Banyoro pia wanasema Bachwezi walikuwa wa ajabu kuangalia, miungu yote inang'aaga. Andika "Speke aliifanya kuwa kabila". Mengine sawa.

Shofa_Ya_Mbali (Goma)

Miye nitapita tena upande ule. Ntusi nikifika niangalie nini, ju banaweza nionyesha kilima yoyote banikate pesa.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Uliza vile vilima viwili, kisha uliza Bwogero, ni bonde la kuchongwa na watu lenye kingo za udongo, wengi wanafikiri ni pa kunyweshea ng'ombe. Usichukue kitu hata kigae kidogo. Angalia pembeni penye mvua imekata udongo, utaona mwenyewe meno ya ng'ombe yametokeza. Na foto tutumie hapa, si kwa grupe ya odio.